Farasi wa Suleimani kwenye Njiapanda ya Nduta

Kwa muda wa miaka mingi mwendo wa vyombo katika nyanda za juu za Kigoma haukuamuliwa na mwenye chombo wala na askari wa barabarani, uliamuliwa na udongo. Kwani tangu mvua za Novemba hadi zile za Aprili ardhi nyekundu ya Kibondo na Kasulu iligeuka matope yenye kunata na kuteleza kwa wakati mmoja, na mbele yake dereva wa lori, tajiri wa basi na kijana wa pikipiki walikuwa sawa, hakuna aliyekimbia kwa sababu hakuna aliyeweza kukimbia. Wazee waliozoea hali hiyo waliipa jina zuri. Walisema kwamba watu wa Buha, yaani nchi hii ya Waha, ni watu wa taratibu, hawana pupa ya njia, na wengi wetu tukaipokea sifa hiyo kwa furaha bila ya kuuliza kama ilikuwa yetu au ilikuwa ya matope. Sasa barabara itokayo Kabingo, ikapita Njiapanda ya Nduta, Mvugwe na Kasulu hadi Manyovu mpakani mwa Burundi, masafa ya kilomita 260 hivi, imeingia katika kazi ya lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kila lami ilipotandikwa sifa ile ya kale haikuchelewa kuyeyuka. Vijana wale wale ambao jana walisukuma pikipiki zao kwa mikono katika utelezi, leo wanalala juu ya tangi la petroli, kidevu kikigusa usukani, wakishindana kutoka kilima hata kilima. Na wale ambao mwendo wa kiwandani hauwatoshi huzipeleka pikipiki zao kwa mafundi ili ziongezewe nguvu kupita kipimo alichokiweka mwundaji.

Nimewasikia masheikh na mapadri, ambao katika mambo mengi hawakutani, wakikutana katika kulilaumu jambo hili, na lawama yao si ya bure. Lakini lawama huwa nyepesi isipotanguliwa na swali, na swali lenyewe naliona zito kuliko lawama. Pana sifa gani katika upole wa mtu asiyeweza kuwa mkali? Na kijana huyu anayekiongezea nguvu chombo chake, je, anatenda maasi, au anaingia katika mtihani ambao wazee wake hawakujaliwa kuufanya, kwa kuwa karatasi ya mtihani ilizuiliwa na mvua?

Kabla ya kuijibu dhamiri ni haki kuitazama kazi. Nilipata kukaa katika gereji moja pembezoni mwa mji wa Kibondo, gereji isiyo na ukuta wala kibao, ila turubai kuukuu lililofungwa kwenye matawi ya mwembe, benchi la mbao lililokolea oili, na kopo la petroli ambamo ringi za pistoni na vipande vya kabureta vilikuwa vimelowekwa, nikamtazama fundi akiishughulikia Boxer ya kijana mmoja achukuaye abiria na magunia ya maharage kati ya mji na Nduta. Kijana alitaka mambo mawili kwa pamoja, mwendo kwenye lami na nguvu kwenye vilima. Fundi hakumjibu kwa haraka. Alifungua mfuniko wa cheni, akayapitisha meno ya sproketi ya nyuma chini ya kidole gumba chenye grisi, moja baada ya jingine, kama mtu avutaye uradi kwa tasbihi, kisha akasema kwamba akifunga sproketi ndogo pikipiki itakimbia tambarare na kufa mlimani, na akifunga kubwa itapanda mlima pamoja na gunia lake lakini tambarare injini italia bila ya kufika mbali, na hakuna njia ya tatu.

"Basi tuiongeze injini yenyewe, fundi," alisema kijana.

Hapo fundi akaanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa na taratibu ya mwalimu. Sindano ya kabureta huinuliwa pingili moja ili petroli ipite kwa wingi. Kifuniko cha silinda husagwa uso wake kidogo ili hewa na petroli vibanwe zaidi kabla ya kuwaka, na mlipuko uwe mkali zaidi, ingawa joto nalo huzidi, na injini iliyobanwa hivyo hutaka petroli safi kuliko ile iuzwayo kwa chupa kandokando ya njia. Wako wanaoondoa chujio la hewa moja kwa moja wakidai kwamba injini inapumua vizuri, nao katika vumbi la kiangazi la Kibondo huwa wanamimina mchanga katika silinda kwa mikono yao wenyewe. Wengine hutoboa ekzosi na kuutoa utumbo wake wote, pikipiki ikapita saa nane za usiku na kuamsha wagonjwa na watoto wachanga. "Hiyo ni kelele, mwanangu, si nguvu," alisema fundi, na nadhani neno hilo lingefaa kuhubiriwa Ijumaa na kurudiwa Jumapili.

Halafu akaushika mkono wa breki ya mbele, nao ukalala bila ya ukinzani wowote. Waya wake ulikuwa umekatwa, na ncha iliyobaki imeviringishwa kwa mpira wa tyubu, kwa unadhifu, kama jambo lililokusudiwa. Fundi akauliza kulikoni. Kijana akajibu kwamba breki ile huangusha mtu. Jibu hilo wageni wa mjini hulicheka, lakini lina asili yake. Anayeendesha juu ya changarawe akilikaba gurudumu la mbele kwa ghafla huteleza na kulazwa chini kabla hajajua limempata jambo gani, na vijana wa nyanda za juu wamejifunza udereva juu ya changarawe. Walakini juu ya lami mambo hupinduka. Chombo kikizuiliwa mbio zake uzito wake wote na wa waliokipanda huinamia mbele, gurudumu la mbele likawa ndilo lenye kuishika ardhi, na la nyuma likakaribia kuelea. Basi aliyeikata breki ya mbele amejibakishia sehemu ndogo tu ya uwezo wa kusimama, na sasa alikuwa anaomba aongezewe uwezo wa kwenda. Fundi akasema hataongeza nguvu hata chembe mpaka waya urudi mahali pake. Kijana alihesabu fedha zake, akaona hazitoshi kwa yote mawili, akaisukuma pikipiki yake hadi ng'ambo ya njia kwa fundi wa pili, ambaye hakuuliza habari ya breki.

Lawama ya viongozi wetu wa dini husimama juu ya hoja kwamba kupenda mbio ni kupenda upuuzi, na kwamba nguvu ipitayo haja ni israfu. Hoja hii ina uzito, lakini kwa upande wa kupenda mbio maandiko yenyewe hayaisaidii sana. Iko sura katika Kurani, sura ya Al-Adiyat, ambamo Mwenyezi Mungu anaapa kwa farasi waendao mbio wakihema, wakipiga cheche kwa kwato zao na kutimua vumbi alfajiri. Na Mola haapi kwa upuuzi. Mbio za farasi wale zimetajwa kwa taadhima, na shutuma inakuja baada yake, nayo haiwaangukii farasi, inamwangukia binadamu, kwamba yeye ni mtovu wa shukrani kwa Mola wake. Mnyama aliyepewa nguvu ameitumia yote katika utumishi wa aliyempanda, na aliyempanda amesahau zilikotoka zote mbili, nguvu na utumishi.

Kisa cha Nabii Suleimani katika sura ya Swad kinakaribia zaidi gereji yetu ya chini ya mwembe. Alionyeshwa jioni farasi wa asili njema, wepesi, wenye kusimama kwa madaha, akawatazama na kuwapenda, na katika kuwapenda kwake akaghafilika na utajo wa Mola wake hata jua likatoweka nyuma ya pazia la usiku. Alipozinduka akaamuru warudishwe kwake, akaanza kuwapitishia mkono miguuni na shingoni. Na hapa wafasiri wa Kurani wametengana. Wako waliosema kwamba alipitisha upanga, akawachinja wote kwa kuwa walimshughulisha, ili moyo wake usiwe na shughuli nyingine. Na wako waliosema, na maneno haya yamepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba alipitisha mkono mtupu, akawapapasa kwa mapenzi na kuwafuta vumbi. Ibn Jarir at-Tabari, mkubwa wa wafasiri, aliuchagua ufasiri wa pili, akitoa sababu ambayo mimi naiona imejaa insafu, kwamba Nabii wa Mungu hangewaadhibu wanyama na kuangamiza mali pasipo kosa lao, kwani kosa la kushughulishwa halikuwa la farasi.

Katika tofauti hiyo ya wafasiri ndipo nionapo tofauti ya miongozo miwili ambayo jamii yetu inaweza kuifuata juu ya vijana wa farasi hawa wa chuma. Wa kwanza hutaka kuchinja: pikipiki zikamatwe, gereji zivunjwe, nguvu irudishwe kipimo cha kiwandani, na lami, kama ingewezekana, irudishiwe matope. Wa pili unamtazama farasi na kumpenda, lakini unauliza jua liko wapi. Ubaya uliotajwa katika kisa si mbio wala uzuri wa farasi. Ni ghafla, yaani kughafilika, ile hali ya mtu kuzama katika nguvu iliyo mkononi mwake hata wakati, wajibu na viumbe wengine wakatoweka machoni pake. Mtu anayesikiliza injini yake ikipanda sauti juu ya kilima cha Kibondo anaweza kughafilika kwa namna hiyo, na kadhalika anaweza kughafilika mfanyabiashara juu ya daftari lake na mwanachuoni juu ya kitabu chake. Ila daftari halimgongi mtoto anayevuka njia.

Msomaji wa Biblia, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa Kibondo na Kasulu, atamkumbuka kwa haki Yehu mwana wa Nimshi, ambaye mlinzi wa mnara wa Yezreeli alimtambua kutoka mbali kwa namna alivyoliendesha gari lake la farasi, kabla hajauona uso wake. Hata leo katika Nduta wako vijana wanaotambulika hivyo, kwa vumbi lao na kwa sauti ya ekzosi. Kitabu hakimlaumu Yehu kwa mwendo ule. Alikuwa na kazi aliyotiwa mafuta kuifanya. Lakini katika sura ifuatayo kinasema kwamba mtu huyu hakuangalia kuenenda katika sheria ya Bwana kwa moyo wake wote, na mimi kila nikisoma mahali hapo hustaajabu jinsi habari hizo mbili zilivyokaa karibu.

Turudi kwenye swali la upole wa lazima. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Dameski wa karne ya 14, amehifadhi neno la mwalimu wake Ibn Taymiyya juu ya subira za Nabii Yusufu. Yusufu alisubiri alipotupwa kisimani na ndugu zake, akauzwa na kutenganishwa na baba yake. Na alisubiri pia alipotakwa na mke wa bwana wake ndani ya chumba kilichofungwa milango. Subira ya pili, alisema mwalimu yule, ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu kisimani Yusufu hakuwa na hila, yaliyompata yalimpata pasipo hiari yake, na mtu katika hali hiyo hana la kufanya ila kusubiri. Lakini chumbani alikuwa kijana, mgeni, asiye na mke, mwenye kila sababu ya kukubali na kila faragha ya kujificha, akakataa kwa hiari. Thawabu ya subira ya kisimani haikukanushwa. Ila cheo kimewekwa kwa ile ya chumbani.

Kwa kipimo hicho taratibu ya wazee wetu ilikuwa subira ya kisimani, na kisima chenyewe kilikuwa matope. Hawakuweza kukimbia, basi hawakukimbia; na wala hatujui, kwa kuwa hawakupimwa, ni wangapi kati yao wangeushika usukani kwa adabu siku lami ingewafikia wangali vijana. Mzee mmoja aliyekuwa utingo wa lori zamani amenihadithia, huku macho yakimng'aa, jinsi walivyozoea kuua injini juu ya mlima na kuliachia gari literemke huru ili kuokoa mafuta, breki zikitoa harufu ya kuungua. Kwa hiyo sina yakini kwamba wangeishika. Kijana wa leo ndiye wa kwanza katika Buha kuwa na kitu cha kujizuia nacho. Yeye akikaza breki kwa hiari yake mbele ya soko la Nduta, hali injini inaweza na njia iko wazi, ametenda tendo la uadilifu ambalo babu yake, pamoja na sifa zake zote, hakulitenda kamwe. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaoomba nguvu iondolewe. Aliyeondolewa nguvu ameondolewa na fadhila ya kuizuia.

Nimelitaja soko la Nduta, nami siwezi kupita jirani yake kimya. Karibu na njia hii ya mbio iko kambi iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya waliokimbia kutoka Burundi, na chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 walio ndani yake hawatoki nje ya mipaka waliyowekewa bila ya kibali. Wageni wanaozuru huusifu utulivu wa vijana wa humo, kwamba wamekaa, hawana fujo. Sifa hii naikataa kwa nguvu zaidi kuliko ninavyoikataa sifa ya matope. Kumfunga mtu kisha kumsifu kwa kutokwenda ni kumdhulumu mara mbili. Na kati ya vijana hao wako wenye mikono ya ufundi ambao, kama wangepewa njia, wangetuonyesha wote wawili, Suleimani aliyewapenda farasi na Suleimani aliyezinduka.

Kwamba nguvu na kujizuia vinaweza kukaa katika mkono mmoja si ndoto, na Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na tope la aina hii hii tuijuayo, makampuni makubwa ya Ulaya baadaye yalileta madereva wao hodari na magari yao yenye kasi. Na hata hivyo hadi mwaka 1972, aliposhinda Hannu Mikkola wa Finland, hakuna dereva wa ng'ambo aliyelichukua kombe. Lilibaki kwa wakazi wa huku, akiwamo Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, mshindi wa 1966 na 1967. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 yaliondoka magari zaidi ya 80 na yakafika 7 tu, na katika miaka yote miwili aliyetangulia katika hao saba alikuwa mtu yule yule, Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404, gari ambalo madaktari na wakuu wa wilaya walilitumia kwenda kazini. Walioanguka njiani hawakukosa nguvu. Wengi walikuwa nayo tele. Walikosa kujua ni wapi nguvu inapaswa kuwekwa akiba.

Na katika wote nampenda zaidi Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtoto wa fundi aliyekulia katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo ambayo wengine walikwisha kuishindanisha kabla yake, akarudia kushinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtu wa namna hii, aliyekwisha kuifungua injini kwa spana zake na kuona kwa macho ni boliti gani italegea kwanza, haendi mbio kwa ghururi. Mwendo wake una mipaka ambayo ameiweka mwenyewe kwa maarifa, na mipaka hiyo hubadilika kwa kila jiwe. Hapo ufundi unakuwa sehemu ya adili. Anayepanda asichokijua, hata akienda polepole, anakwenda kwa bahati.

Huko Marekani, ambako mapenzi haya ya mbio yalipata kuwa kama madhehebu, vijana wa California walichukua magari ya Ford, hasa yale ya mwaka 1932 yenye injini mpya ya silinda nane, wakayavua madigadi, wakayapunguzia uzito na kuyazidishia pumzi, wakayaita hot rod. Walishindana njiani na kuua watu na kujiua. Lakini wenye akili miongoni mwao waliyapeleka magari yao Muroc, katika ziwa lililokauka, uwanja wa udongo mgumu usio na nyumba wala mvukaji. Mwaka 1937 wakaunda chama cha kupima mwendo kwa haki, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha taifa zima, muradi wake mmoja ukiwa kuzitoa mbio barabarani. Hawakumchinja farasi, walimtafutia uwanja. Kibondo ina viwanja vya mpira na viwanja vya mikutano ya siasa, na sijasikia diwani hata mmoja akipendekeza uwanja wa tatu.

Nijuavyo, kijana wetu akisomewa yote haya atanijibu kwa maneno matatu ambayo yameandikwa nyuma ya mabasi mengi: ajali haina kinga. Methali hii sina ugomvi nayo inaposemwa kando ya kaburi, inapowafariji waliofiwa na kuwaondolea uchungu wa kujilaumu. Ugomvi wangu ni inaposemwa kabla ya safari. Kwani mwendo una hesabu yake isiyobembelezeka: chombo kilichotoka kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha sheria kwenye makazi ya watu, kikafika kilomita 100, hakikuongeza madhara maradufu, nguvu ya mgongano wake imezidi mara nne, na masafa ya kusimama tangu breki inaposhika yamezidi mara nne vile vile. Hesabu hiyo nayo ni katika kudra. Mwenyezi Mungu aliyekadiria siku ya kufa ndiye aliyekadiria kwamba chuma kiende hivyo, na anayeiamini kudra ya kwanza na kuidharau ya pili amejichagulia sehemu ya imani inayomfaa.

Mwaka wa 18 wa Hijra Sayidna Omar alikuwa njiani kuelekea Sham alipopewa habari ya tauni, akashauriana na watu wake, akaamua kurudi. Abu Ubaida, kamanda wa majeshi yake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Omar, ambaye hakupenda kusikia neno hilo kutoka kwa mtu wa cheo kile, alimjibu kwamba naam, wanatoka katika kudra ya Mungu na kuingia katika kudra ya Mungu, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni akakuta upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu. Popote atakapowachunga ni kwa kudra, lakini upande wa kuwachunga ni wake kuuchagua. Waya wa breki ya mbele, ukifungwa au ukikatwa, uko katika kudra. Aliyeukata ni nani?

Lakini mpaka hapa nimesema habari za anayeendesha kana kwamba yuko peke yake juu ya chombo, na kwa kweli nyuma yake ameketi mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mapajani, ambaye hakuchagua sproketi wala hakuulizwa habari ya kifuniko cha silinda. Fadhila ya kujizuia ni ya dereva. Hasara ya kutojizuia wanashirikiana. Hiari yake inasimama juu ya mwili wa asiyekuwa na hiari, na hii ndiyo dhima ambayo mtihani wa Yusufu haukuwa nayo, maana chumbani mle aliyekuwa hatarini alikuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba nguvu inayoongezwa katika chombo cha kuchukua abiria inahitaji ruhusa mara mbili, ya dhamiri ya mwenye chombo na ya wale anaowachukua, na kwa kuwa ya pili haiombwi, ya kwanza lazima iwe kali zaidi.

Na fundi je? Mafakihi wa kale walimtwisha fundi dhamana ya kitambaa alichokabidhiwa akakiharibu, na hukumu hiyo hunasibishwa na Sayidna Ali, ambaye inasemekana aliona kwamba mali za watu hazitasalimika bila ya hivyo. Kitambaa ni mali ya mteja na kina bei. Abiria hakumkabidhi fundi chochote, wala jina lake halijui, na baina yao yuko kijana aliyelipa fedha. Fundi wa kwanza aliukataa ujira, na wengi watamhesabu ametoka katika lawama. Mimi nina shaka. Alijua pikipiki imekwenda wapi, alijua imekwenda kufanyiwa nini, na njia iliyomtenganisha na mwenzake haina upana wa hatua ishirini. Nilimwambia kwamba ilimpasa kuvuka. Akaendelea kufuta spana zake kwa kitambaa, akasema, "Mzee, nikivuka mimi atasema namwonea wivu wa mteja. Vuka wewe."

Nikavuka. Fundi wa pili alinipa shikamoo, akanivutia kigoda, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho huku kifuniko cha silinda kikiwa mkononi mwake, kisha akaniuliza ni sheria ipi inayomlazimisha fundi kuuliza habari ya breki ambayo mteja hakuileta itengenezwe, nami sikuwa na sheria ya kumwonyesha.